Triumph ya zamani na majira ya baridi: kuilaza vizuri, kuiamsha bila kuiumiza

Ikifika Novemba, wenye pikipiki za zamani wanaoishi nchi za baridi huulizana jambo lile lile: iwashwe mara moja moja ili isikae sana, au iachwe ilale mpaka Aprili? Msimamo wangu ni kwamba kama hutaiendesha, usiiwashe. Kuipiga kiki, kuiacha ingurume dakika kumi ndani ya banda na kuizima tena kunaiharibu kuliko miezi mitano ya kukaa kimya.

Sababu ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Injini iliyopata moto vizuri huyatoa yote kwenye ekzosi na kwenye bomba la kupumulia. Injini iliyo vuguvugu inayabakiza: mengine yanatulia ndani ya sailensa ya ekzosi na kuila kutoka ndani, mengine yanapita pembeni ya ringi za pistoni, yanashuka kwenye oili na kutengeneza ule utelezi mweupe unaouona chini ya kifuniko cha tangi la oili. Maji hayo yakichanganyika na mabaki ya moshi yanakuwa asidi, na asidi inakaa juu ya kemshafti na tapeti msimu mzima. Injini ya namna hii inahitaji walau nusu saa barabarani, ikivuta mzigo, ndipo oili ipate moto wa kufukuza maji. Kusimama bandani injini ikiwa kwenye sailensa, yaani mngurumo wa chini bila kwenda, haihesabiki.

Mfano ninaoutumia hapa ni Triumph Bonneville T120 ya cc 649, ile ya injini na giaboksi katika ganda moja, iliyotengenezwa Meriden, Uingereza, modeli za 1963 hadi 1970. Silinda mbili zimesimama sambamba, inapozwa kwa hewa, haina stata ya umeme, na oili ya injini inakaa kwenye tangi la pembeni badala ya kukaa chini ya krenki. Karibu kila nitakachosema kinafaa kwa TR6, ambayo ni ndugu yake wa kabureta moja, na kwa BSA A65. Mwenye Norton Commando asome mara mbili sehemu ya oili kushuka.

Baridi si moja

Majira ya baridi ya Uingereza na yale ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ni maadui wawili tofauti. Uingereza kipimajoto kinazunguka kati ya 0 na 8, kila kitu kina unyevu na barabara zinamwagiwa chumvi. Hapo kinachoumia ni chuma: kromu, spoki, tangi, ekzosi. Minnesota inashuka hadi −20 na chini ya hapo, lakini hewa ni kavu. Huko kinachoumia ni betri, oili na mipira. Kwa pikipiki iliyolala, nadhani ya Uingereza ni mbaya zaidi.

Hata huko kwenye ukavu kuna siku za hatari, nazo ni siku za joto. Injini ya kilo nyingi iliyokaa kwenye −15 kwa wiki haipati joto haraka. Upepo wa kusini ukiingia na hewa yenye unyevu wa nyuzi 6, chuma kinatoka jasho nje na ndani. Siku kama hiyo acha mlango wa banda umefungwa. Wengi huufungua ili "papate hewa", na hewa hiyo ndiyo inayobeba maji.

Kama una mashine ya kukausha hewa, angalia ni ya aina gani. Ile ya kompresa, kama friji, inashindwa kazi ikiwa chumba kiko chini ya nyuzi kama 10 kwa sababu koili zake zinaganda barafu. Ile ya gurudumu la kemikali ya kunyonya unyevu inafanya kazi hata karibu na sifuri. Ukiweza kushikilia unyevu kwenye asilimia 50 au chini kidogo, kutu inakosa nafasi.

Siku ya mwisho ya kuendesha

Kazi yote ya kuilaza ifanyike kwa mkupuo mmoja, injini ikiwa ya moto.

Anzia kituo cha petroli. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, aina ya alkoholi (E10 ni hadi asilimia 10, E5 hadi asilimia 5): Uingereza E10 ndiyo ya kawaida tangu Septemba 2021, na ile ya super kwa kawaida ni E5 au pungufu. Marekani E10 iko karibu kila pampu, ila Minnesota sheria inaruhusu kuuza petroli ya premium isiyo na ethanoli kwa magari ya kale, pikipiki, boti na injini ndogo. Pampu yake ina kibandiko kinachosema hivyo. Ni ghali kidogo, lakini kwa tangi moja la kulalia isikuumize.

Ethanoli inavuta maji kutoka hewani. E10 inaweza kubeba karibu nusu ya asilimia moja ya maji ikiwa na joto la kawaida. Ikipoa uwezo huo unapungua, na maji pamoja na ethanoli yanajitenga na kuzama chini ya tangi. Bomba la kufungulia petroli liko huko chini. Na kabureta ya Amal Concentric, ile ya modeli za mwisho, ni ya aloi ya zinki, kwa hiyo mchanganyiko huo ukikaa ndani ya bakuli la floti unaota unga mweupe kama chokaa. Kama tangi lako lilipakwa utando wa epoksi miaka mingi iliyopita kuziba kutu, jihadhari zaidi: epoksi nyingi za zamani zinalainishwa na ethanoli na kutoka vipande vipande.

Tia dawa ya kutunza petroli kwa kipimo cha kwenye chupa, kisha jaza tangi la chuma mpaka karibu na shingo. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa ya kutoa jasho. Tangi dogo la Kimarekani ni kama lita 9.5, la Kiingereza ni kama lita 18, kwa hiyo pima dawa kulingana na lako. Endesha kilomita 30 au zaidi ili petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta na oili ipate moto.

Ukirudi, mwaga oili hapo hapo. Oili hubadilishwa kabla ya kulala, maana ile ya zamani ndiyo yenye asidi. Fungua tangi la oili, fungua na ile nati kubwa ya pembe sita chini ya injini yenye chujio la waya, usafishe kwa mafuta ya taa na uangalie kilichonaswa. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au chuma vinakuambia kuna kazi ya kufanya wakati wa baridi. Tangi la oili la modeli za 1966 hadi 1970 linachukua karibu lita 3 za oili ya 20W-50. Jaza hadi kwenye alama na uache nafasi juu. Washa dakika mbili tu, kwa kuwa injini bado ni ya moto, oili mpya izunguke. Injini ikiwa inanguruma, funga mabomba ya petroli na uache kabureta zijinywe mpaka izime yenyewe.

Kuna petroli inayobaki chini ya bakuli hata baada ya hapo. Concentric za baadaye zina plagi ya kumwagia chini ya bakuli. Za mwanzo hazina, inabidi utoe skrubu mbili na kushusha bakuli lenyewe. Usiruke hatua hii. Kwenye Concentric nyingi njia ya sailensa ni tundu lililotobolewa ndani ya mwili wa kabureta, halitoki, na upana wake ni inchi 0.016, yaani milimita 0.4. Tone moja la petroli likikauka humo linaacha gundi, na masika, yaani baridi ikiisha, utapata pikipiki inayokubali kuwaka lakini haikai sailensa, au inayokohoa kwenye kabureta kila ukifungua kidogo. Dawa ya kupuliza peke yake mara nyingi haifui dafu. Kinachofanya kazi ni kijiti cha dirili namba 78, kinachoshikwa kwa vidole au kuunganishwa kwenye waya mrefu, kinazungushwa polepole kupitia tundu la skrubu ya hewa. Usikifunge kwenye mashine. Ukipanua tundu, kabureta hiyo haitasetiwa tena.

Mabomba ya petroli yenye kizibo cha gome la mti yana tabia yake. Kizibo kikiwa na petroli kinavimba na kuziba. Kikikauka kinasinyaa na masika kinavuja. Hii ni sababu nyingine ya kuliacha tangi limejaa. Kikishakauka, kichemshe kwenye maji ya moto dakika chache, kwa kawaida kinarudi.

Sasa toa plagi. Mimina oili ya injini mililita 5, kijiko kimoja cha chai, kwenye kila silinda, kisha sukuma kiki kwa mkono mara tatu nne swichi ikiwa imezimwa. Usizidishe. Chumba cha mwako kikifungwa kina nafasi ya kama cc 40 tu, na oili haibanwi.

Utasikia ushauri wa kuisimamisha injini mahali ambapo valvu zote zimefunga. Kwenye pikipiki ya silinda moja ni ushauri mzuri. Kwenye Triumph haiwezekani: pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, lakini zinapokezana kuwaka, mzunguko mmoja kwa mmoja. Moja ikiwa imefunga valvu zake zote, ya pili inatoa moshi au inavuta hewa. Badala ya kutafuta mahali pasipokuwepo, ziba midomo: kitambaa chenye oili kidogo kwenye kila sailensa ya ekzosi na kwenye kila mdomo wa kabureta. Hicho kinazuia pia panya, ambao kwao kichujio cha hewa ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Funga utepe mwekundu kutoka kwenye vitambaa hadi kwenye swichi, usije ukasahau.

Betri, na ile waya nyekundu

Betri itoke, iingie ndani ya nyumba. Betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi hata kwenye −50. Iliyoisha chaji asidi yake imekuwa karibu na maji, inaganda kwenye −10 hivi, inapasuka, na asidi inateremka kwenye chesisi. Pima ikiwa imepumzika saa kadhaa: kwa betri ya volti 12, 12.7 imejaa, 12.4 iko kwenye robo tatu, 12.0 inakaribia kuisha. Chaja ndogo ya kulinda chaji, isiyozidi ampea 1, inatosha kwa betri ya Ah 8 au 9 ya Triumph.

Onyo kwa anayetoka kwenye pikipiki za Kijapani: Triumph za miaka hii nguzo chanya ndiyo inayofungwa kwenye chesisi. Waya nyekundu ndiyo ya ardhi. Masika, kwa mazoea, mtu anafunga hasi kwenye chesisi na rektifaya inaungua kabla hajafika kwenye kiki. Andika alama ya + kwenye waya wa chesisi kwa kalamu ya rangi wakati unaitoa, maana baada ya miezi mitano kila mtu ana uhakika na kitu anachokikosea.

Mengine ya mwili

Pikipiki iliyopita kwenye chumvi ioshwe kwa maji baridi. Maji ya moto yanaiyeyusha chumvi na kuipenyeza kwenye maungio. Ikauke kabisa, hasa ndani ya breki za ngoma. Viatu vya breki vikilala na unyevu vinashikana na ngoma kwa kutu na kuacha alama utakayoisikia kwenye lever. Paka nta au dawa ya kuzuia kutu, kama ACF-50, kwenye kromu, spoki na mabomba, mbali na ngoma na mpira.

Simamisha kwenye stendi ya katikati juu ya ubao wa plaiwudi, na chini ya ubao tandika nailoni, kwa sababu sakafu ya saruji inatoa unyevu. Ongeza upepo kwenye tairi hadi psi 30 hivi. Funika kwa shuka la pamba, kamwe usifunike kwa turubai la nailoni lisilopumua. Weka matone ya oili nyepesi kwenye nyaya zote. Waya wa klachi uufunge kwa mkanda, lever ikiwa imebanwa kwenye usukani, ili sahani za klachi zisishikane. Kuna wanaosema springi zitachoka. Springi ya chuma haichoki kwa kubanwa tu miezi mitano, na sahani zilizogandana ni tabu ya kweli.

Giaboksi ya cc 500 ya oili nzito ya EP90 iache ilivyo kama ni safi. Kwenye chumba cha mnyororo wa mbele, modeli mpaka 1969 zina oili yake yenyewe, cc 350, na hapo ATF ile ya giaboksi za magari ya otomatiki inafanya klachi iachie vizuri wakati wa baridi. Kuanzia 1970 chumba hicho kinapumua pamoja na krenki na oili ni moja, kwa hiyo ATF isiingie kabisa.

Oili inayoshuka

Hili ndilo linalowatisha watu masika. Unafungua kifuniko cha tangi la oili, uliliacha limejaa, sasa limepungua nusu, na chini ya pikipiki hakuna hata tone. Oili haijapotea. Imeteremka polepole kupitia pampu na kujaa chini ya krenki.

Pampu ya Triumph ni ya vijiti viwili vinavyopanda na kushuka, na kila upande una kigololi kidogo kinachokaa kwenye kiti chake kwa springi. Kigololi cha upande wa kupeleka ndicho kinachozuia oili isiteremke injini ikiwa imezimwa. Uchafu mdogo ukikaa kati ya kigololi na kiti, au kiti kikilika, oili inapita tone kwa tone. Kwa wiki moja huoni kitu. Kwa miezi mitano ni lita nzima. Pampu ya Norton ni ya gia, haina kizuizi cha namna hiyo, ndiyo maana inashusha upesi zaidi.

Ukipiga kiki ikiwa hivyo, krenki inachapa oili, kiki inakuwa nzito, injini ikiwaka inatoa wingu la moshi wa bluu, na shinikizo linatafuta mlango: bomba la kupumulia, sili, gasketi. Sili ya upande wa mnyororo ikisukumwa nje, umejipatia kazi ya wikiendi mbili.

Njia ninayoiamini ni ya kizamani: kabla ya kiki ya kwanza, weka beseni safi, fungua nati ya chini, acha oili itoke, osha chujio, funga, rudisha oili ile ile kwenye tangi kupitia kitambaa safi. Dakika ishirini. Watu wengine hufunga bomba la kufungia kwenye mpira wa oili unaotoka kwenye tangi. Linafanya kazi vizuri mpaka siku utakaposahau kulifungua, na siku hiyo beringi za krenki zinakwisha kabla hujafika mwisho wa mtaa. Kama huwezi kuishi bila hilo, liunganishwe na swichi inayokata moto likiwa limefungwa. Vali ya springi ya njia moja siipendi pia, kwa sababu pampu inalazimika kuvuta kuifungua, na pampu hii haina nguvu ya kuvuta sana, hasa oili ikiwa nzito kwa baridi.

Ukitaka kutibu chanzo, toa pampu, osha, weka kigololi kwenye kiti chake na ukigonge mara moja, kidogo, kwa kipande cha shaba, ili kiti kipate alama ya duara kamili. Jaza oili juu yake usiku mmoja na uone kama inapita.

Kuiwasha kwenye baridi kali

Kuna wanaoendesha mwaka mzima, na kuna mchana wa Februari wenye jua na barabara kavu. Basi ijulikane injini inataka nini.

Petroli haiwaki ikiwa majimaji, inawaka ikiwa mvuke, na kwenye −5 ni sehemu ndogo tu inayogeuka mvuke. Kwa hiyo unaingiza nyingi zaidi ili hiyo sehemu ndogo itoshe. Wakati huo huo oili imekuwa nzito, kiki inakwenda polepole, na betri imepoteza sehemu ya nguvu zake. Mambo matatu yanakuvuta nyuma kwa pamoja.

Oili kwanza. Herufi W kwenye kopo ina maana kamili: daraja la 20W linapimwa uzito wa kuzungushwa kwenye −15, 15W kwenye −20, 10W kwenye −25. 20W-50 kwenye asubuhi ya −18 iko nje ya kipimo chake, na kiki itakuambia hivyo. Kama utaendesha baridi, tumia 15W-50 au 10W-40 na ubadilishe masika.

Utaratibu ni huu. Kabla ya chochote, vuta klachi na ukanyage kiki mpaka uhisi inateleza bila kuzungusha injini, sahani zimeachana. Ukiruka hili, gia ya kwanza itaingia kwa kishindo na pikipiki itaruka mbele. Achia klachi, kanyaga mara mbili polepole swichi ikiwa imezimwa, kulainisha kuta za silinda.

Fungua mabomba yote mawili. Bonyeza kidude cha juu ya bakuli la kila kabureta. Kiangazi unaachia petroli ikionekana tu; kwenye baridi shikilia mpaka kidole kilowe kabisa, kulia na kushoto. Futa iliyomwagika, na katika banda kusiwe na jiko la moto wala hita ya gesi. Kisha choki. Kwenye Amal, waya ukivutwa vipande vya hewa, vinavyoziba koo la kabureta, vinapanda na kufungua. Waya ukilegea vinashuka na kufunga. Kwa hiyo choki imefungwa pale lever ilipolegeza waya, na waya ukikatika njiani choki inabaki imefungwa nawe unashangaa kwa nini inatoa moshi mweusi. Bonneville nyingi zimetolewa vipande hivi na wenye nazo wa zamani. Zako zikiwa hazipo, kidude cha bakuli ndicho choki yako yote.

Fungua mshiko wa mafuta robo, kanyaga mara mbili bila swichi, injini ijaze pumzi. Funga mafuta, tafuta mgandamizo kwa mguu, rudisha kiki juu, washa swichi, kanyaga kwa mwendo mmoja hadi chini. Usiache swichi imewashwa wakati unapumzika: pointi zikiwa zimefunga, koili zinanyonya betri.

Ikiwaka mlipuko mmoja au miwili kisha ikanyamaza moja kwa moja, shuku barafu kwenye plagi. Mlipuko wa kwanza umetoa maji yake, yameganda kati ya ncha za plagi baridi, na moto unapita juu ya barafu badala ya kuruka. Kupiga kiki zaidi hakusaidii. Toa plagi, zipeleke ndani, zipashe moto juu ya jiko au oveni mpaka zisishikike, zirudishe haraka kwa kitambaa na upige. Mara nyingi inawaka palepale.

Plagi ya kitabu ni Champion N3, ambayo ni ya baridi kwa mwendo wa polepole wa majira haya. N4 ina moto kidogo zaidi. Ukihamia NGK kumbuka namba zinakwenda kinyume: B7ES ina moto kuliko B8ES. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.5 hadi 0.6, pointi milimita 0.35 hadi 0.40, na zifute kwa karatasi safi kwa sababu jasho la chuma huzifikia hata humo ndani. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.05, ya kutoa milimita 0.10.

Kupasha injini kabla ya kiki kunasaidia kuliko ujanja mwingine wote. Dryer ya nywele dakika kumi kwenye kabureta na mikono ya kuingizia hewa inatosha kwenye −5. Hita za sumaku zinazouzwa kwa matrekta hazishiki kwenye ganda la injini, ni aluminiamu. Zinashika kwenye tangi la oili ambalo ni la chuma, lakini hita ya wati 200 kwenye tangi la lita 3 inaunguza rangi na oili pamoja. Tafuta pedi ndogo ya silikoni ya wati 50. Moto wa wazi, hata wa kibatari, usisogezwe karibu na kabureta ambayo umetoka kuimwagisha petroli.

Ikishawaka, ishikilie kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, usiiachie ishuke sailensa ya chini; kemshafti zinaoshwa na oili inayorushwa na krenki, na kwenye sailensa ya chini hairushwi vya kutosha. Fungua kifuniko cha tangi uone oili inarudi. Usiruke hapo: roka za juu zinalishwa kutoka kwenye njia hiyo ya kurudi, kwa hiyo isiporudi, juu hakuna oili. Baada ya dakika moja fungua choki polepole, ondoka, na usivuke mizunguko 3,000 mpaka silinda zishikwe na moto.

Njiani, tegemea kabureta kuganda zaidi kwenye nyuzi 3 na ukungu kuliko kwenye −15 na jua. Petroli ikivukiza inavuta joto, unyevu wa hewa unaganda kwenye koo, na injini inapoteza nguvu taratibu au kipande cha mafuta, kile kinachovutwa na waya wa mafuta, kinakwama kikiwa wazi. Simama, zima, subiri dakika tano. Joto la silinda litaiyeyusha. Maji ndani ya waya wa mafuta yakiganda ni hatari zaidi, ndiyo sababu ya oili nyepesi niliyoitaja.

Masika

Vitambaa vitoke kwanza. Kisha oili ya chini ya krenki kama nilivyoeleza, betri, alama ya +. Plagi zikiwa nje, kanyaga kiki mpaka uione oili ikirudi kwenye tangi. Bila mgandamizo ni kazi nyepesi, na zile mililita 5 za oili zitatoka kama ukungu kwenye matundu ya plagi, kwa hiyo usiweke uso hapo. Funga plagi safi, fungua petroli na utazame viungo vya mpira na vizibo dakika tano kabla ya kugusa swichi.

Itatoa moshi dakika chache za kwanza kwa sababu ya oili uliyomimina. Ukiendelea baada ya kilomita kumi, rudi kwenye nati ya chini, pengine oili nyingine ilibaki. Bonyeza breki mara kadhaa kwa mwendo wa kutembea kabla ya kuingia barabarani, na kebo ya spidomita ikipiga kelele ya ndege ni girisi ya zamani iliyokakamaa: itoe, ioshe na kuipaka mpya kabla haijakatika.